Ukitoa Kompyuta, Ondoa Kufuli



Nitangulize ombi lenyewe, ili hata atakayeishia aya hii aondoke nalo. Ukitoa kompyuta, iwe umeiuza, umeigawa, umeirithisha au umeipeleka mnadani, ondoa kufuli lako kwanza. Toka kwenye akaunti zako, futa vilivyo vyako, andika kwamba umefanya hivyo, ndipo uikabidhi. Nawe unayepokea, usiondoke nayo mpaka umeona kwa macho yako kwamba hayo yamefanyika. Yanayofuata yote ni sababu za ombi hilo na njia ya kulitimiza.

Kompyuta nyingi tunazozitumia hazikutufikia zikiwa mpya. Zilikaa miaka kadhaa kwenye meza za ofisi na shule za Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, zikabadilishwa, zikauzwa kwa jumla, zikapakiwa kwenye kontena hadi Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar. Nyingine zimesafiri ndani ya begi la shangazi anayerudi likizo kutoka London au Maskati. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Laptop ya ofisini iliyotunzwa, iwe ThinkPad, Latitude au EliteBook, mara nyingi huwa imara kuliko mpya ya bei hiyohiyo. Ndiyo inayomwezesha kijana kufungua stesheneri, akachapa barua za majirani na kuwajazia wanafunzi maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Ndiyo inayobeba hesabu za SACCOS, mitihani ya shule ya kata na tasnifu ya binti aliyeko chuoni.

Mashine hiyohiyo ikifika imefungwa kwa nenosiri la mtu asiyejulikana, hadithi inageuka. Mnunuzi anarudi dukani, muuzaji anamwambia, "Hiyo ndogo tu, mpelekee fundi." Fundi anamwambia, "Niachie, ngoja niipambanie." Pesa inatoka mara ya pili, pengine na ya tatu. Shule iliyopewa msaada wa kompyuta inapiga nazo picha siku ya makabidhiano, kisha inagundua kwamba haziingiliki, na zinahamia stoo pamoja na madawati mabovu. Aliyetoa anaamini ametoa. Aliyepokea hana kitu.

Na mzigo unaongezeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na, kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane na kuendelea. Ofisi zenye mashine za nyuma ya hapo zina sababu ya kuzibadilisha, na zinazotoka huko hutafuta masoko kama Kariakoo na Luthuli Avenue ya Nairobi. Tukiwa na utaratibu mzuri wa kuzipokea, hiyo ni neema. Tusipokuwa nao, tutakuwa tunaagiza makufuli.

Tazama nenosiri linadaiwa lini

Kabla hujamlipa mtu yeyote, angalia kisanduku cha nenosiri kinajitokeza wakati gani. Jambo hilo peke yake litakueleza mengi.

Nenosiri likidaiwa mwishoni, baada ya nembo ya Windows, pamoja na jina au picha ya mtu, umepata kufuli jepesi kuliko yote. Hilo linalinda akaunti ya mtu huyo iliyomo kwenye diski. Mashine yenyewe haijafungwa. Huna haja ya kulijua nenosiri wala kulikisia. Unachohitaji ni kufuta diski yote na kuweka mfumo mpya. Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi isiyo na kitu unachokihitaji, na kompyuta nyingine inayofanya kazi. Pakua programu ya kutengenezea flashi ya Windows kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, si kwenye kiungo ulichorushiwa katika kundi la WhatsApp. Chomeka flashi kwenye mashine iliyofungwa, iunganishe na chaja, iwashe huku ukibonyezabonyeza kitufe cha kuchagulia pa kuanzia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, F9 kwa HP nyingi. Ukiulizwa mfumo uwekwe wapi, futa sehemu zote za diski ya ndani, kisha endelea. Mashine nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 zimehifadhi namba ya leseni ndani yake. Ukiweka toleo linalolingana na la mwanzo, leseni hujitambua mara intaneti inapounganishwa. Kwa hiyo anayetaka kukutoza hela ya leseni, muulize kwanza ni leseni ipi hiyo.

Kama mashine ni ya zamani na Windows 11 haiikubali, usiikatie tamaa. Linux Mint na Ubuntu ni mifumo ya bure, huandikwa kwenye flashi vilevile, na unaweza kuijaribu ikiwa bado ndani ya flashi, kabla ya kufuta chochote. Jaribu sauti, wifi, kioo na kibodi, ukiridhika, isakinishe. Linux Mint huja na LibreOffice, na kwa kuchapa, kupiga hesabu, kuandika barua pepe na kusoma mtandaoni inatosha kabisa. Wala si jambo geni kwetu: katikati ya miaka ya 2000, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitafsiri kwa Kiswahili OpenOffice, programu iliyoizaa LibreOffice, ikaitwa Jambo OpenOffice.

Pengine utakutana na skrini ya buluu inayodai tarakimu 48. Huo ni ufunguo wa BitLocker, yaani diski nzima imesimbwa. Anayetaka vitu vilivyomo hana budi kuwa na tarakimu hizo. Wewe unayetaka mashine huzihitaji, maana diski iliyosimbwa hufutika na kutumika upya kama nyingine yoyote.

Nenosiri likidaiwa mwanzoni kabisa, kabla ya Windows kujitokeza, shughuli ni nzito zaidi. Hilo ni nenosiri la BIOS, programu inayoiamsha mashine, nalo limekaa kwenye bodi kuu yake. Kufuta diski hakuligusi. Katika kompyuta za mezani za zamani, kutoa ile betri ndogo ya duara, CR2032, kisha kuirudisha baada ya muda, huweza kulifuta. Kwa laptop nyingi za kikazi njia hiyo haifui dafu, kwa sababu nenosiri limehifadhiwa kwenye chipu isiyotegemea betri. Lenovo wenyewe wanaeleza kwamba nenosiri la msimamizi la ThinkPad likisahauliwa, dawa ni kubadilisha bodi kuu, na bei ya bodi yaweza kukaribia bei ya laptop nzima ya mtumba. Kabla ya kuingia gharama hiyo, mrudie aliyekuuzia. Watengenezaji wengine humsaidia mtu anayeweza kuthibitisha kwamba mashine ni yake, na uthibitisho huo ni nyaraka, si maneno.

Liko na kufuli la tatu, ambalo wanunuzi wetu wengi hawalijui mpaka limewanasa. Hili halimo ndani ya mashine. Limeandikwa kwenye daftari la mbali, katika mitambo ya Apple, Microsoft au Google, kwamba mashine yenye namba fulani ni ya fulani. Futa diski unavyotaka, litarudi. Kwenye Mac nyingi zilizotoka kuanzia 2018 zikiwa na chipu ya T2, na zote zenye chipu za Apple zilizoanza kuuzwa Novemba 2020, linaitwa Activation Lock. Kwenye laptop za makampuni kuna Windows Autopilot: unasakinisha mfumo vizuri, unaunganisha intaneti, na mara inakukaribisha kampuni ambayo hujawahi kuisikia, ikikutaka uingie kwa barua pepe ya kazini. Chromebook zilizotoka shuleni nazo hufungwa kwa mtindo huo, zikadai akaunti ya shule iliyozimiliki.

Fundi wa mtaani hana dawa halali ya kufuli la namna hii. Anayekuahidi kuliruka anaweza kukuachia mashine itakayojifunga tena siku utakapoifuta au kuisasisha. Lakini mwenye kufuli anaweza kuliondoa bila kuigusa mashine. Mtu aliyeko London akiingia kwenye akaunti yake ya iCloud na kuiondoa Mac aliyoiuza, mashine iliyoko Tabora inaachiwa. Mtu wa tehama katika kampuni iliyoko Hamburg anaweza kuifuta laptop kwenye orodha ya Autopilot akiwa amekaa kitini kwake. Kwa makufuli ya aina hii, namba ya simu ya aliyetoa ina thamani kuliko bisibisi zote za mtaani. Ndiyo maana naomba makabidhiano yafanywe kwa maandishi.

Mashine yako, yaliyomo si yako

Nenosiri usilolijua ni la mtu fulani, na jambo la kwanza ni kujiuliza mashine ilikufikiaje. Kama muuzaji hawezi kueleza alikoipata, hana risiti, na bei yake ni ya kushangaza, jihadhari. Kufuli la mbali hasa huwekwa ili mwizi asifaidi, na laptop iliyofungwa hivyo yaweza kuwa iliporwa kwa mtu jana usiku. Sheria haikubali kisingizio chepesi kwa anayekutwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Irudishe, dai pesa yako, na ukiona dalili za wazi toa taarifa polisi.

Hata ukiwa na hakika kwamba mashine ni yako kihalali, yaliyomo ndani yake si yako. Programu za kuvunja nenosiri la Windows na kuingia hadi kwenye mafaili ya mtu zipo, na vijana wengi wanazijua. Nakuomba usizitumie kwa mashine ya mgeni. Ndani yake huenda mna hati za mshahara, nakala ya kitambulisho, picha za watoto, majibu ya vipimo vya hospitali. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na ile ya Kenya ya mwaka 2018, zinakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini. Na hata pasingekuwa na sheria, utu ungetosha. Kufuta diski ndiko kunakowatendea haki wote wawili: wewe unapata kompyuta, na yeye anabaki na siri yake.

Hali moja ni tofauti, nayo inaumiza: kompyuta ya marehemu. Hapo familia haitaki mashine tu. Inataka picha, hati ya kiwanja iliyoskaniwa, orodha ya waliokopeshwa. Msikimbilie kuifuta. Kaeni kwanza kama familia, mkubaliane nani ana haki ya kuangalia na nini kitafutwe. Kama diski haikusimbwa, fundi mnayemwamini anaweza kuitoa na kunakili mafaili kupitia kompyuta nyingine, mmoja wenu akiwa pale pale. Kama ilisimbwa na hakuna aliyeachiwa ufunguo, mlango huo hauna wa kuufungua. Kwa hiyo, wazee wangu na vijana wenzangu, tuandike. Apple tangu mwishoni mwa 2021 inamruhusu mtu kumteua atakayefunguliwa akaunti yake baada ya kifo, kwa kuwasilisha ufunguo maalumu na cheti cha kifo. Asiyetumia Apple anaweza kuandika nenosiri lake na ufunguo wa BitLocker kwenye karatasi, akaifunga ndani ya bahasha na kuiweka panapowekwa hati za nyumba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwako unayenunua

Usikubali kuonyeshwa kompyuta iliyokwisha kuwashwa. Omba izimwe kabisa, iwashwe mbele yako. Ikipita bila kudai lolote, izime tena, uingie kwenye mipangilio ya BIOS: F2 kwa Dell nyingi, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad nyingi. Ikidai nenosiri hapo, kuna kufuli ambalo leo halikusumbui, ila siku ukitaka kubadilisha mfumo linaweza kukukwamisha. Ukiwa humo humo, linganisha namba ya mashine na ile iliyobandikwa chini yake. Zikitofautiana, uliza.

Kisha omba mfumo usakinishwe upya ukiwa umeunganisha intaneti; washa hata data ya simu yako. Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Laptop iliyosajiliwa Autopilot, ikisakinishwa bila intaneti na kuwekewa akaunti ya kienyeji, inaweza kufanya kazi kwa miezi bila tatizo. Siku ukiifuta ili kuanza upya, kampuni ya zamani inajitokeza. Kama duka halina muda wa kusakinisha, basi angalau fungua mipangilio ya Windows, ingia kwenye akaunti, utazame sehemu ya kazi au shule. Pakiwa na jina la kampuni, mashine bado ina mwenyewe. Kwa Mac, usitosheke na kuiona inafanya kazi. Mwambie muuzaji aifute yote mpaka ifike kwenye skrini ya kuchagua lugha, kisha iunganishwe na intaneti. Ikipita hapo bila kudai akaunti ya mtu mwingine, weka mkono mfukoni.

Na udai risiti yenye namba ya mashine. Risiti iliyoandikwa "laptop moja" haitakusaidia kwa mtengenezaji, wala polisi, wala kwa mnunuzi utakayemuuzia wewe kesho.

Kwenu mnaotoa

Ndugu zetu mlioko Ughaibuni, mnatuma mengi na tunashukuru. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Naomba tu, kabla ya kufunga begi au pipa, mtenge saa moja. Nakili vilivyo vyako kwenye diski ya nje. Kama ni Mac, zima huduma ya kutafuta kifaa kilichopotea, toka iCloud, kisha ifute yote. Kama ni Windows, tumia njia ya kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani, ukichagua kuondoa kila kitu na kusafisha diski. Ondoa nenosiri la BIOS kama ulikuwa umeliweka. Na kama mashine ilikuwa ya kazini, na kazini wamekuruhusu uichukue, waombe waiondoe kwenye mfumo wao wa usimamizi kabla haijavuka bahari. Ruhusa ya mdomo ya meneja haifungui Autopilot.

Kama ulishatuma na unajua kwamba imefungwa, hujachelewa. Ingia kwenye akaunti yako leo, tazama orodha ya vifaa vyako, na uondoe vile usivyonavyo tena.

Ofisi zetu za hapa nazo zinahusika, tena sana. Taasisi inapobadilisha kompyuta, zile za zamani huenda mnadani, na mara nyingine huenda na kila kilichomo. Kutupa mafaili kwenye kapu la taka la kompyuta si kuyafuta. Na diski iliyofomatiwa harakaharaka mara nyingi bado husomeka kwa programu za kawaida za kurejesha mafaili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinamtwisha anayeshika taarifa za watu wajibu wa kuzilinda. Zahanati inayouza kompyuta yenye majina ya wagonjwa haijauza chuma na plastiki peke yake. Kwa hiyo tusiwe na ofisi inayoacha nenosiri ikidhani inalinda siri, wala inayoondoa nenosiri na kuacha siri wazi. Diski isafishwe kwanza, ndipo makufuli yote yaondolewe.

Karatasi moja ya makabidhiano

Ofisi na shule nyingi zinaijua hati ya makabidhiano: imetolewa na nani, imepokewa na nani, tarehe, saini. Pendekezo langu ni kuongeza mistari michache tu. Namba ya mashine. Tamko kwamba diski imefutwa, akaunti zimeondolewa, nenosiri la BIOS limeondolewa na usajili wa mbali umefutwa. Jina na simu ya mtu wa upande wa mtoaji anayeweza kuliondoa kufuli litakalojitokeza baadaye. Na sentensi moja kwamba mpokeaji ameiwasha mashine mbele ya mtoaji, ikaingilika.

Mkuu wa shule, hati hiyo ni kinga yako. Mfadhili akikuletea kompyuta, mpokee kwa heshima zote, mkaribishe chai, kisha umwombe mwalimu wa tehama aziwashe moja moja kabla ya hotuba na picha. Si utovu wa adabu. Mfadhili mwema hufurahi kuona kwamba alichokileta kitatumika, na iliyofungwa itafunguliwa kwa urahisi zaidi yeye akiwa bado amesimama pale kuliko baada ya kuondoka. Camara, shirika lililoanzia Ireland mwaka 2005 na lililopeleka kompyuta zilizokwisha kutumika katika shule za Afrika Mashariki, lilijijengea utaratibu wa kusafisha data na kuweka programu kabla kompyuta hazijafika darasani. Basi inawezekana, na si lazima kuwa shirika kubwa ili kufuata mfano huo.

Wenye maduka, nawasihi mfanye kuwa desturi kwamba mashine iliyofungwa haipandi kwenye rafu. Mnaponunua kwa jumla kutoka Dubai au Ulaya, muulizeni msambazaji kama zimeondolewa kwenye usajili, na muandike hivyo kwenye oda, ili zilizofungwa zirudi kwake badala ya kubaki mikononi mwa mteja wenu. Duka litakalothubutu kubandika tangazo kwamba kila mashine hufutwa na kuunganishwa intaneti mbele ya mteja halitahitaji mpiga debe.

Nanyi mafundi wetu, ambao mmeokoa kompyuta nyingi kuliko kiwanda chochote, shikeni daftari. Kabla hamjagusa mashine iliyofungwa, andikeni jina la aliyeileta, namba ya mashine na maelezo ya ilikotoka. Anayekataa kuandikwa amejieleza. Na mteja mwenye kufuli la mbali mwambieni ukweli siku ya kwanza, kwamba dawa iko kwa mwenye akaunti, badala ya kumchukulia malipo ya kujaribu. Uaminifu huo utawaletea wateja kuliko kadi za biashara.

Kwa nini tusiache tu

Kwa sababu kompyuta isiyoingilika ni taka hata kama haina mkwaruzo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotoka 2024 ilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo, na kwamba asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Ndani ya mashine hizo mna risasi, na kwenye vioo vya zamani mna zebaki; zikichomwa dampo ili kupata shaba, moshi wake unavutwa na watoto wa hapo jirani. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unadai nchi inayopelekewa taka za kielektroniki iarifiwe na iridhie kwanza. Ni hatua njema, lakini mkataba huo hauwezi kuwasha laptop moja moja bandarini ili kujua ipi ni chombo cha kazi na ipi ni taka iliyovaa sura ya msaada. Kazi hiyo ni yetu.

Basi tugawane kazi wiki hii. Aliye Ughaibuni atazame orodha ya vifaa kwenye akaunti yake. Mwenye laptop kabatini aiwashe, aifute, ampe mtu anayeihitaji. Mwalimu afungue stoo, aorodheshe zilizofungwa kwa namba zake, na ampigie aliyezitoa. Bosi aliyepanga kupeleka kompyuta mnadani aongeze mistari ile kwenye hati ya makabidhiano. Hakuna hata moja katika hayo linalosubiri bajeti wala semina. Yanamhitaji mtu mmoja anayelijua nenosiri, na kwa kompyuta fulani iliyokaa bure mahali fulani, mtu huyo ni wewe.